Niliposhuka Mpika

Ninyi mnaoingia chumba cha kukagulia pamba msimu huu mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nilifikiri niandike juu ya kuvuta nyuzi, nikaona hapana, vidole havifundishwi kwa karatasi. Basi nitawasimulia safari moja ya treni, maana katika miaka yote niliyokaa Bariadi nikitenga pamba safi na fifi, ile ya daraja la chini, sijawahi kuchanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa ndani ya yale mabehewa.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Holo. Nilizaliwa Kimali, wilaya ya Meatu, kwenye ng'ombe na vumbi, nikaja Bariadi nikiwa binti, nikaajiriwa kufagia chumba cha sampuli katika kiwanda kidogo cha kuchambua pamba. Aliyeona kwamba nafaa zaidi ya ufagio ni Mzee Nkwabi, mkaguzi mkuu wa wakati ule. Siku moja alinikuta nimeokota pamba sakafuni, naivuta kati ya vidole gumba.

"Unaionaje hiyo?" akaniuliza.

"Inakatika upesi, Mzee."

Kesho yake ufagio akapewa mtu mwingine.

Mzee Nkwabi alikuwa na masharti kama mganga. Usipake mafuta mikononi. Usile samaki ukaingia kukagua kabla hujanawa mara mbili. Usikague juani, na usikague chini ya taa, kwa sababu chini ya taa pamba zote ni mtu na dada yake. Na sampuli ikishafungwa kwa lakiri haifunguliwi mpaka siku ya ubishi, mbele ya pande zote mbili. "Sampuli iliyofunguliwa njiani," alikuwa akisema, "ni umbea." Alikufa akiwa bado ananidai kikombe cha chai kwa kubishana naye juu ya pamba moja ya Mkula. Alikuwa sahihi yeye.

Sasa safari yenyewe.

Miaka michache kabla sijastaafu, kiwanda chetu kiliuza marobota kwa kiwanda kimoja cha nyuzi huko Zambia. Marobota yakaenda na karatasi zake za daraja, na kila karatasi ilikuwa na sahihi yangu. Baada ya wiki kadhaa meneja wetu, Bwana Lema, akaniita ofisini. Alikuwa kijana wa kutoka Kilimanjaro, mtu wa kucheka, lakini siku ile hakucheka.

"Mama Holo, wanasema tumewauzia fifi. Wiki ijayo, Ijumaa, wanayapakia marobota yote kuyarudisha."

"Haiwezekani," nikasema.

"Yakirudi, sisi tumefunga geti. Watu wote hawa unaowaona hapo nje wanarudi makwao. Ndiyo maana unakwenda wewe, na zile sampuli zetu zilizofungwa. Fungua mbele yao, waone."

Akanikatia tiketi ya treni kutoka Dar es Salaam, kwa sababu kwenye treni kisanduku cha sampuli kingekaa chini ya kitanda changu, hakuna wa kukirusha juu ya paa wala kukilaza karibu na injini kama kwenye basi. Akaniandikia maelekezo kwenye kipande cha karatasi. Mwandiko wake mnaujua wale mliomkuta, kama kuku kapita. Yalisomeka hivi: *Unashuka Kap. Mp. Alhamisi saa 9. Utapokelewa.*

Mimi si mtu wa reli. Bariadi hatuna reli. Nilikuwa na pasi mpya ya kusafiria, kisanduku, begi, na chupa ya maziwa mgando aliyonifungia binti yangu kana kwamba naenda machungani. Jumanne mchana nikapanda, nikaonyeshwa chumba cha wanawake chenye vitanda vinne. Wawili wa wale wanawake walikuwa wanashukia Mbeya na walilala muda wote. Wa tatu alikuwa mama mnene wa umri wangu, amezungukwa na vifurushi. Nikamwamkia. Akajibu kwa Kiswahili cha Tunduma, chenye haraka, akajigusa kifua.

"Bana Chanda."

Mimi nikasikia Bwana Chanda. Nikajua ananitajia mumewe, kwamba kitanda kile na vifurushi vile ni vya Bwana Chanda. Nikashtuka. Chumba cha wanawake, mwanamume anaingiaje? Nikaona haya kuuliza. Nikatoka nikasimama kwenye ujia, nikamsubiri huyo bwana aje, achukue vitu vyake, aondoke. Treni ikaondoka. Tukapita vitongoji, tukaingia porini, twiga wakatokea, watu wakakimbilia madirishani na simu zao. Wanyama mimi hawakunishangaza, kwetu Meatu tembo anaingia shambani bila hodi. Nilikuwa naangalia mlango tu. Miguu ikavimba.

Mwishowe yule mama akachungulia. "Wewe, mbona hukai? Kitanda kina wadudu?"

"Namsubiri Bwana Chanda."

"Unamsubiri nani?"

"Bwana Chanda. Mumeo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kwao *bana* ni mama wa fulani. Bana Chanda ni Mama Chanda, kama mimi nilivyo Mama Holo. Mumewe alishafariki zamani. "Ungesubiri sana," akasema, akajifuta machozi, akanipa yai la kuchemsha.

Kuanzia hapo nilimwita *mayu*, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, naye akaitika bila kushangaa, kwa sababu kwao husema *mayo*. Hilo nalo likanichanganya. Nilijiandaa kwa nchi ngeni, na neno la kwanza nililolikuta huko lilikuwa limetoka jikoni kwa mama yangu.

Asubuhi ya Jumatano niliamshwa na baridi. Nikasogeza pazia. Watoto wangu, nchi ile ni nzuri, na inatisha. Ninyi mmekulia kwenye tambarare. Ukisimama Bariadi unaona mtu anayekuja kabla hajajua kama anakuja. Kule nilikuta milima imesimama wima na miti mpaka juu, mabonde ambayo chini yake kuna ukungu badala ya ardhi, maji yanaanguka kutoka mwambani, na sisi tunapita juu ya daraja refu kama kamba. Halafu ghafla giza, tumeingia ndani ya mlima. Tunatoka, mwanga. Tunaingia tena.

Kilichonisumbua ni jua. Mimi najua njia kwa jua. Tulipotoka kwenye handaki la kwanza jua lilikuwa dirishani kwetu. Handaki la pili, jua limehamia upande wa ujia. La tatu, limerudi kwetu. Nikapiga hesabu zangu nikapata jibu moja tu. Nikatoka nikamkamata mhudumu wa behewa, kijana mpole aliyebeba birika.

"Mwanangu, tunarudi Dar."

"Haturudi, mama."

"Jua lilikuwa huku, sasa lipo huku. Mimi sijazaliwa jana. Kawaambie wanaoendesha wamegeuza."

Akaweka birika chini, akanyoosha mkono dirishani. "Angalia kule mbele, mama, kwenye kona." Nikaangalia. Ng'ambo ya bonde niliona treni nyingine, imejipinda ubavuni mwa mlima, inakuja upande wetu. Nikapiga kelele kwamba tunagongana.

"Hiyo ni sisi," akasema. "Ni kichwa cha treni yetu. Reli inauzunguka mlima. Sisi tuko mkiani."

Nilirudi chumbani. Bana Chanda alikuwa amesikia yote na hakucheka, jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Alisema tu kwamba yeye kila anapopita pale hufumba macho.

Mchana tukapita Mbeya, wale wawili wakashuka, na jioni tukafika mpakani. Maofisa wa Zambia wakaingia ndani ya treni. Yule aliyekuja chumbani kwetu alikuwa mwanamke mwenye miwani, ananiuliza kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kwenye fomu, kinajua tarehe na jina la kijiji. Akakigonga kisanduku kwa kalamu. Nikaelewa anataka nikifungue.

"Hakifunguliwi," nikasema kwa Kiswahili.

Akasema tena. Nikakaa juu yake. Kweli, nilikikalia kisanduku kama kuku anayeatamia. Nilikuwa nimechoka, sijui niko nchi gani, sijui kama ninavunja sheria, ila lakiri ile niliijua. Ikivunjwa pale, sampuli ni umbea, na watu wetu wanarudi makwao.

Bana Chanda akaingilia kati kwa Kibemba. Aliongea kwa muda mrefu, na katikati nikasikia neno *pamba*, kwa sababu nilikuwa nimemweleza habari yangu yote njiani. Yule ofisa akaniomba barua. Nikatoa barua ya Bwana Lema na cheti cha ukaguzi wa mimea. Akavisoma mara mbili, akapiga muhuri kwenye pasi, akaniambia jambo huku akionyesha saa yake.

"Anasema saa ya huku iko nyuma," Bana Chanda akatafsiri. "Rudisha saa moja."

Nikairudisha saa ya mkononi. Halafu nikachukua simu nikairudisha na yenyewe, bila kujua simu ilishajirudisha. Kwa hiyo nikawa na saa mbili zinazogombana, na ya tatu ya kwetu kichwani. Isitoshe, Wazambia wakisema saa tisa wanamaanisha saa tatu yetu. Nilimuuliza Bana Chanda saa tisa ni saa ngapi, akanijibu, "Saa tisa ni saa tisa," tukaachana hapo.

Asubuhi ya Alhamisi nilivaa mapema, kisanduku mapajani. Nchi sasa ilikuwa tambarare, miti mifupi, vichuguu vikubwa kama nyumba, na hapa na pale mtu kasimama kando ya reli na gunia la mkaa. Nikaanza kupumua. Ilifanana na nyumbani kidogo. Treni ikapunguza mwendo. Nikamuuliza Bana Chanda tunafika wapi.

"Mpika."

Nikatoa karatasi ya meneja. *Kap. Mp. Alhamisi saa 9.* Mp. ni Mpika, nani asiyejua? Nikatazama saa ya mkononi, ilionyesha tisa kamili kwa namna yao. Kila kitu kimekubaliana. Ile "Kap." sikuihangaikia, nilidhani ni kapiteni au cheo cha mtu wa kunipokea.

Bana Chanda naye alikuwa anashuka pale, ndiko kwao, ila alikuwa na shughuli ya kutoa vifurushi vyake dirishani, ndugu zake wakivipokea chini. Mimi nikatelemka na begi na kisanduku, nikasimama wima ili nionekane. Hakuna aliyenijia. Nikasogea kivulini. Bado. Treni ikapiga honi, ikaondoka polepole, ikanipita behewa kwa behewa, na mimi nikaipungia mkono kwa adabu.

Jukwaa likabaki tupu. Bana Chanda alikuwa anahesabu vifurushi, akainua kichwa akaniona.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimefika."

"Umefika wapi?"

Nikampa karatasi. Akaisoma akiwa ameishika mbali na macho. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mayo, hii ni Kapiri Mposhi. Ni mwisho wa reli. Ni usiku wa leo, saa tatu zenu za usiku."

"Treni nyingine ni saa ngapi?"

"Ni wiki ijayo."

Sikulia. Niliketi chini palepale, juu ya kokoto, nikakumbatia kisanduku. Kesho ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nawaona watu wa kiwandani kwetu mmoja mmoja, wabeba marobota, mama wa uji, mlinzi na redio yake, wote wananiangalia wananiuliza, Mama Holo, ulishukaje? Miaka yote ile watu walikuwa wananiletea pamba kutoka wilaya nzima, nasema neno moja, nao wanaliamini. Na sasa sikuweza kusoma herufi mbili.

Bana Chanda hakusema pole. Alizungumza na dada yake, akamkabidhi vifurushi vyake vyote, akafunga kanga upya, akalichukua begi langu.

"Twende kwenye basi. Tutafika jioni."

"Na wewe?"

"Wewe nikikuacha peke yako utashukia Kongo."

Na alipanda. Mwanamke ambaye alikuwa mlangoni kwao, ambaye watoto wake walikuwa wamempikia, alipanda basi na mimi mwendo wa siku nzima, kwa ajili ya pamba isiyomhusu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alipofiwa na mumewe safarini, huko Makambako, watu asiowajua ndio waliomsafirishia maiti mpaka nyumbani. Halafu akalala begani kwangu.

Usiku ule tulimkuta stesheni ya Kapiri mtu aliyetumwa kunipokea, na Ijumaa asubuhi tulikuwa kwenye kile kiwanda cha nyuzi kabla geti halijafunguliwa. Malori yalishapangwa. Mkuu wao wa ubora, Bwana Phiri, alikuwa mzee mwembamba mwenye koti jeupe. Nikamwambia kupitia Bana Chanda kwamba sizungumzi mpaka tupate chumba chenye mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akatupeleka ghala la kaskazini, akafungua milango yote.

Wakaleta pamba kutoka kwenye marobota, fungu kwa fungu. Nikaishika pamba ya fungu la kwanza. Ilikuwa ya njano, fupi, inakatika. Fifi kabisa. Sikuelewa. Nikasema moyoni, hii siyo yetu, wameibadilisha. Nikavunja lakiri mbele yao wote, nikatoa sampuli yangu yenye namba ileile, nikaiweka kando ya yao.

Zilikuwa sawa. Yangu nayo ilikuwa ya njano.

Nikaisogeza mlangoni. Nikaigeuza. Nikavuta mara tatu. Hapo ndipo kumbukumbu ilipokuja. Fungu lile lililetwa Bariadi jioni, lori likingojea kuondoka, na nyumbani kwangu wageni wa mahari ya binti yangu Holo walikuwa wamefika. Nikaliangalia chini ya taa. Dakika chache tu. Nikasaini, nikakimbilia wageni. Shahidi niliyemlinda Dar mpaka Kapiri, niliyemkalia mpakani, alikuwa amekuja kunishitaki mimi.

Bana Chanda akaninong'oneza, "Niwaambie nini?"

Ningeweza kusema mengi. Unyevu wa njiani, vumbi la lori, sampuli imezeeka. Kiingereza changu kibovu kingenisaidia kujificha.

"Waambie fungu hili nilikosea mimi. Nililikagua chini ya taa. Sahihi ni yangu."

Akatafsiri. Bwana Phiri akavua miwani. Nikaendelea haraka kabla sijaogopa: nikaomba wanipe mafungu mengine yote, moja moja, na sampuli zake. Tulikaa mpaka adhuhuri. Mengine yote yalikuwa vilevile nilivyoandika, meupe, marefu, hakuna hata moja lililopungua daraja. Wao walikuwa wamelipima fungu moja la kwanza mlangoni na kuyahukumu yote kwa hilo.

Bwana Phiri alitoka kwenda kupiga simu. Aliporudi alisema maneno machache. Bana Chanda akanigeukia, macho yamemjaa maji.

"Anasema wanabaki nayo. Hilo moja tu ndilo linarudi. Anasema mtu anayekiri kosa lake anaweza kuaminiwa kwa yaliyobaki."

Wakaanza kuondoa malori. Mimi nilichukua kalamu, nikakata daraja nililoandika kwenye karatasi ya lile fungu, nikaandika *fifi*, nikasaini tena. Sahihi ile haifanani na zangu nyingine.

Bana Chanda akapanda basi la Mpika kesho yake. Tulipoagana nilimwita *mayu*, akaitika.

Bariadi nilimwambia Bwana Lema mambo yote, na akaniomba niyaseme tena mbele ya wakaguzi wenzangu, kwenye chumba chetu, asubuhi kabla ya kazi. Nikasema. Walikuwa sita. Hakuna aliyenitazama. Shija, ambaye alikuwa amenitangulia kazini na ambaye sikuwahi kumsikia akikubali kwamba hata chumvi imezidi, alikuwa anakwaruza meza kwa ukucha. Nikasubiri waniambie nifungashe vitu vyangu.

Shija akainuka, akaenda kwenye kabati la sampuli. Alitafuta kwa muda mrefu, akatoa moja, akaja nayo mpaka dirishani, akaivunja lakiri mbele yetu.

"Hii ni ya msimu uliopita," akasema. "Niliikagua nikiwa na homa. Njooni mnisaidie kuiangalia."